Breki ya mbele ya Honda CG125 ya zamani: tutengeneze breki ya ngoma, au tuvalishe mbele nyingine yenye breki ya diski?

Mtu_wa_Lushoto
Wakuu, nina CG125 ya miaka ya 80, ile yenye kava zima la mnyororo. Injini haina neno. Shida ni kushuka Mombo nikiwa na abiria: breki ya mbele nakamua mpaka leva inagusa mshikio, na bado pikipiki inatafakari. Nimepewa njia tatu:

1. Ngoma ibaki, niweke brekishu (vile viatu vya breki vya ndani ya ngoma) na kebo mpya.
2. Nivue mbele yote, nivalishe ya CG ya Kichina yenye diski.
3. Fundi wa kuchomelea anishonee kishikio cha kalipa (kile kifaa kinachobana diski) kwenye shokapu zangu hizihizi.

Ya tatu ndiyo nafuu kuliko zote. Mnasemaje?

Spana_14
Ya tatu ifute kabisa. Mguu wa chini wa shokapu ni alumini ya kumiminwa kwenye kalibu. Ukiuchomelea, ugumu wake unapungua pale pale unapouhitaji, na nyufa huwezi kuziona kwa macho. Ukikamata breki, nguvu yote ya kusimamisha inapita kwenye hicho kishikio. Siku kikikatika, kalipa inaingia kwenye spoki na gurudumu linajifunga ukiwa mwendoni. Tena shokapu za CG ni nyembamba, na diski inavuta upande mmoja tu. Ya 1 au ya 2, basi.

Mzee_wa_Ngoma
Kijana, kabla hujanunua kitu, nenda katazame ule mkono mdogo wa breki kwenye gurudumu. Ukikamata breki mpaka inashika, mkono na kebo vinatakiwa vitengeneze pembe mraba, au karibu na hapo. Ukikuta mkono umeshalala kuelekea mbele, nguvu ya vidole vyako inapotea bure. Dawa yake ni brekishu mpya. Wapo wanaouchomoa ule mkono na kuurudisha jino moja nyuma ili leva irudi kuwa fupi. Hiyo inaficha ugonjwa. Brekishu zikiwa zimeisha, kemu (kile chuma kinachozitanua) inageuka kupita kiasi na inaweza kukwama hapo, breki ikiwa imefunga. Ule mshale wa Honda kwenye mkono na alama yake kwenye sahani inayobeba brekishu ndiyo vipimo vyako, usivichezee.

Sasa kazi yenyewe. Pima ngoma ndani. Kipenyo cha mwisho kimeandikwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Ikishapita hapo, hakuna kukereza tena, tafuta habu nyingine. Brekishu mpya kwenye ngoma ya zamani hazigusi pote. Zipake chaki, funga gurudumu, zungusha huku unakamata breki taratibu, kisha fungua uone chaki imefutika wapi. Sehemu zilizofutika ndizo zilizoinuka, zipige msasa kidogo. Rudia mpaka chaki ifutike karibu uso mzima. Mafundi wengi hawana subira ya hapa, halafu lawama zinaangukia ngoma.

Ukimaliza, legeza nati ya ekseli, zungusha gurudumu, kamata breki kwa nguvu, na ukaze nati leva ikiwa bado imekamatwa. Sahani inajiweka katikati yenyewe. Kebo weka mpya, nene; kava la kebo kuukuu linajikunja ndani na kula nguvu yako.

Jambo jingine: vumbi la brekishu za zamani usilipulize kwa kompresa. Nyingi zilikuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

KirinyagaRd_Rider
Mzee amesema vizuri, lakini mimi niko upande wa diski. Ngoma ikipata joto kwenye mteremko mrefu inaanza kulegea, na ikiingia maji inakaa nayo. Diski inajikausha haraka.

Ila usinunue vipande vipande. Chukua mbele yote kutoka pikipiki moja: shokapu, vile vibano vya juu na chini, gurudumu, ekseli, kalipa, masta (pampu ya mafuta ya breki pale kwenye usukani) na paipu yake. Nenda na veniya ya kupimia. Angalia urefu na unene wa ule mti wa usukani, vikombe vya beringi, na urefu wa shokapu. Shokapu ndefu inainua pua na usukani unakuwa mzito kugeuka. Fupi inaufanya uwe mwepesi kupita kiasi. Gia ya spidomita nayo inakaa kwenye habu, usiisahau. Mti ukiwa tofauti, fundi wa mashine anakereza bushi. Hiyo ni kazi halali. Kuchomelea mti wenyewe, hapana.

Dada_Piston
Mbona hakuna aliyeuliza tairi? CG ya zamani ilitoka na 2.50-18 mbele (upana inchi 2.50, rimu ya inchi 18). Kama imekauka na kupasuka pembeni, hiyo diski yenu itafunga gurudumu tu kwenye vumbi la Lushoto. Tairi mpya kwanza.

Ngoma za kemu mbili, kama zile za Honda CB350 ya zamani, ni tamu sana kwenda mbele, lakini ukisimama kwenye mlima pikipiki ikataka kurudi nyuma zinashika kidogo. Habu yake nayo ni pana. Kwa CG sioni faida.

Mtu_wa_Lushoto
Nimetazama, mkono umelala kabisa! Na meno yake yana alama za kuchomolewa. Naanza na ngoma na tairi. Nikihamia diski baadaye, naweza kutumia masta niliyo nayo ya pikipiki kubwa?

Spana_14
Usifanye hivyo. Masta kubwa kwenye kalipa ya pistoni moja inafanya leva iwe ngumu kama ubao na breki haishiki. Ndogo inalainisha, lakini leva inasafiri mbali. Kalipa nyingi za aina hii zinakwenda na masta ya milimita 12.7, ila tumia ile iliyotoka na kalipa yenyewe. Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, chupa mpya, maana yanavuta unyevu. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye humo.

Mzee_wa_Ngoma
Na hiyo mbele ya asili usiiuze. Ifunge kwenye gunia, iweke darini.