Tupeane uzoefu: Kumweleza mtu alivyokuwa zamani kwa Kifaransa

Mleta mada, Kigoma
Habari wanajamvi. Mwalimu wetu wa Kifaransa alitwambia tuandike kuhusu mzee mmoja wa ukoo. Nikamchagua babu, mvuvi wa dagaa, Mungu amrehemu. Nikaandika "il a été grand, il a porté un chapeau". Mwalimu akaniambia hapo ni kama kofia kaivaa mara moja na urefu ulimpita tu. Hali na mazoea ya zamani yanataka imparfait: il était grand, il portait un chapeau. Iliniuma, maana ile kofia babu alikuwa haivui hata msibani. Wenzangu mlilishikaje hili?

Mchangiaji, Bujumbura
Shika umbo la "nous" (sisi) la kitenzi cha wakati uliopo, toa -ons, weka -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Nous portons, il portait. Nous avons, il avait. Kinachokaidi ni être (kuwa) tu: il était. Kazi iko kwenye kuandika, kwa sababu portais, portait na portaient masikioni ni kitu kimoja. Sisi tumekisikia Kifaransa tangu utotoni na imla bado ilituangusha.

Mchangiaji, Dar
Kiswahili kinakubeba, ndugu yangu. "Alikuwa na miaka 20", nao husema il avait vingt ans, "kuwa na" kama sisi. Ukiona "alikuwa akivaa", hiyo ni imparfait. "Siku ile akavaa", passé composé, kama ile il a porté yako. Mimi kilichonitesa ni il (yeye wa kiume) na elle (yeye wa kike), maana kwetu "yeye" ni yeyote. Bibi nilimwandika grand badala ya grande insha nzima.

Mchangiaji, Goma
Muwe waangalifu jamani. Kwenye mtihani wa mdomo nilisema "ma mère était très gentille" (mama alikuwa mpole sana), nikiwaza enzi za utoto wangu. Mtahini akanipa pole ya msiba. Mama yupo, mzima wa afya! Siku hizi natanguliza quand j'étais petite (nilipokuwa mdogo), ndipo naendelea.

Mleta mada
Asanteni sana. Nimeandika upya: "Mon grand-père était pêcheur. Les nuits sans lune, il allumait sa lampe et il partait sur le lac. Un matin, il n'est pas rentré." Allumait (alikuwa akiwasha) na partait (alikuwa akiondoka) ni kila usiku wa giza, yeye na karabai yake. N'est pas rentré (hakurudi) ni ile asubuhi moja.