Vifaa vya useremala kwa watoto: seti ya dukani, vifaa vya kweli, au kwa fundi?

MamaNtinda: Habari zenu ndugu. Likizo imekaribia, nataka wanangu waonje useremala badala ya kushinda kwenye simu. Nimebaki na njia tatu: seti ya supamaketi (vipande vimeshakatwa, kazi ni kuunganisha tu), vifaa vya kweli vidogo vidogo, au kuwapeleka kwa fundi wa samani jirani, asubuhi mbili kwa wiki. Ninunue nini? Nalipwa Ijumaa.

BabaK: Umri? Bajeti? Wangapi? Dada, unauliza bei ya nyama bila kusema kilo.

FundiNdeeba: Vifaa vya kweli, sihitaji hata umri. Nyundo ya gramu 225 hivi, msumeno mfupi wa meno madogo, msasa, gundi nyeupe na jiliwa ya kubana mezani. Mbao usinunue. Njoo Ndeeba, hapa Kampala, mabaki ya mbao za msonobari na musizi yamelala chini ya mashine, utajaziwa gunia kwa hela ya soda. Musizi ni laini, msumari unaingia bila ugomvi. Mvule mwachie mkubwa: mgumu, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zikawa kijani, usiziguse kabisa.

MwalimuJinja: Fundi, umri unahitajika sana. Nafundisha wadogo, na wiki ya kwanza hatushiki nyundo. Mtoto anapewa kipande na msasa, anasugua mpaka akikiweka shavuni kisimkwaruze. Nyundo inakuja baadaye. Msumari nauchomeka kwanza kwenye ukanda wa boksi gumu; mtoto anashika boksi, vidole vinakaa mbali. Ukishasimama imara, boksi linachanwa.

BabaK: Hilo la boksi ningelijua mapema! Mwaka juzi nilinunua seti barabarani, karibu na stendi ya teksi. Sanduku linang'aa, picha ya mtoto anacheka. Nyundo, pigo la tatu tu, kichwa kikachomoka kikaruka mpaka kwenye sufuria ya matooke. Tukacheka. Msumeno sasa, haukati hata ndizi mbivu. Kijana wangu, miaka saba, kaweka ubao juu ya kiti cha plastiki, kaukandamiza kwa goti, anasukuma kwa nguvu zote kwa sababu meno hayali. Mimi niko hapohapo, natafuta mtandao kwenye simu. Msumeno ukaruka ukatua kwenye kidole gumba cha kushoto. Nyuzi tatu, na mama yake hakunisemesha mpaka Jumapili. Kosa halikuwa ukali. Ulikuwa butu, na ubao haukubanwa. Kwa hiyo kama hela ni ya kitu kimoja, nunua jiliwa.

MbaleKabisa: Mnahangaika. Sisi magari tulitengeneza kwa migomba, magurudumu kandambili kuukuu. Hakuna aliyenunuliwa kitu.

FundiNdeeba: Na makovu mangapi?

MbaleKabisa: Manne. Lakini gari lilikwenda.

MamaNtinda: Samahani, nilisahau. Wana miaka mitano. Ni pacha, Wasswa wa kiume na Nakato wa kike.

BabaK: Kumbe Nnalongo, mama wa pacha! Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo. Kila kitu mara mbili, la sivyo nyundo moja itakuwa vita.

FundiNdeeba: Mara mbili ya nini? Jiliwa moja, mmoja anakata, mwenzake anasugua, wanabadilishana. Na kwa fundi usiwapeleke, nasema mimi fundi. Msumeno wa mashine hauna subira na mtoto wa miaka mitano, wala mimi sina muda nikiwa na oda ya vitanda.

MbaleKabisa: Nakato naye randa? Mpe ukili asuke vikapu.

MwalimuJinja: Darasani kwangu anayepiga msumari ukanyooka kuliko wote ni msichana. Wafini waliingiza kazi za mikono katika shule zao za msingi tangu 1866, sisi bado tunabishana nani ashike nyundo.

BabaK: Wafini hawakai foleni ya Ntinda.

MbaleKabisa: Basi wachonge ubao wa omweso, bao letu la kete, mashimo 24, wote watafurahi.

FundiNdeeba: 24 umeyatoa wapi? Ni 32, safu nne za mashimo manane, kete 64. Na mtoto wa miaka mitano hachongi shimo hata moja, patasi hiyo utaishika wewe.

MbaleKabisa: Kwetu tulicheza hivyo ssebo.

FundiNdeeba: Basi mlikuwa mnacheza kitu kingine. Njoo Ndeeba Jumamosi nikufunge.

MwalimuJinja: Nnalongo, uliamua? Ile seti ya vipande vilivyokatwa si mbaya kwa siku za mvua.

MamaNtinda: Jiliwa nimeambiwa bei tatu katika maduka matatu, bado nazunguka. Mpaka sasa nimenunua msasa tu. Jana waliusugua mguu wa meza ya jjajja yao, bibi yao, ukawa mweupe. Kuna anayejua vanishi gani inafanana na ile ya zamani?