Majina ya muvi kwenye miradi ya serikali, tunayakubalije?

Mlipakodi: Wakuu, jeshi la Marekani 2018 walitangaza tenda ya kuhifadhi data zao, dola bilioni 10 kwa miaka 10, wakaiita JEDI kama wale mashujaa wa muvi za Star Wars. Microsoft wakapewa 2019, Amazon wakaenda mahakamani, 2021 ikafutwa. Mi kinachoniuma ni jina, tenda ikishaitwa shujaa nani ataihoji? Na huku vijana wa IT nao wameanza, mgeni ofisini anaitwa padawan, yaani mwanafunzi wa Jedi, kikao kizima mhasibu anakodoa macho tu. Hela ya umma iongelewe kila mtu aelewe.

Fundi Seva: Sasa si umesema mwenyewe Amazon walienda mahakamani? Jina halikumzuia mtu. Rais Reagan wa Marekani 1983 alipotangaza ngao ya kuzuia makombora, wapinzani wake ndo walioibandika Star Wars ionekane ndoto, mpaka Lucasfilm, wenye hizo muvi, wakashtaki kuzuia jina lisitumike kwenye matangazo ya TV, 1985 wakashindwa.

Mtoto wa Mbagala: Waingereza nao satelaiti za jeshi wameziita Skynet, wamekopi ile mashine ya kwenye Terminator inayoua watu. Ushamba mtupu.

Fundi Seva: Skynet ya kwanza imerushwa 1969, Terminator imetoka 1984. Ndo shida ya kuangalia muvi kibanda umiza, DJ anayetafsiri anatia maneno yake nyie mnabeba.

Mtoto wa Mbagala: Mwaka nimekuelewa, ila kibanda umiza kimeingiaje hapa?? Mimi nimekulia pale, tumebanana kwenye benchi, joto, DJ anakueleza roboti linamtafuta nani na kwa nini linamtafuta mama kabla mtoto hajazaliwa, na bibi aliyekuja kumfuata mjukuu wake anakaa mpaka mwisho kwa sababu anaelewa. Nyie wa IT mna madigrii na hamjawahi kumweleza mtu kitu akaelewa.

Mlipakodi: Jamani tenda…

Fundi Seva: Sijamtukana mtu. Nasema DJ anabadilisha stori, polisi wa Los Angeles anapewa jina la mjumbe wa mtaa, hiyo ni kupotosha.

Mama Nuru: Kupotosha nini wakati watu wamejua yule ni polisi na anataka nini? Mi mhasibu, ndo huyo anayekodoa macho kwenye vikao vyenu, na hakuna aliyewahi kunisimamishia picha kama DJ akanieleza.

Fundi Seva: Mama, ungeuliza.

Mtoto wa Mbagala: Aulize kila neno? Waliokaa kibanda umiza waje waseme hapa, DJ alikuwa anadanganya au anaeleza?