Kumrushia mzazi video WhatsApp saa nne usiku siyo "darasa geuzi". Acheni!

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna mtindo umeingia sekondari zetu, za kata na za binafsi, na kila kikao cha taaluma unasifiwa. Mwalimu anarekodi kipindi kizima kwa simu, anakirusha kwenye kundi la wazazi, kesho yake anaingia darasani na kuuliza nani hajaangalia. Wasioangalia wanasimama. Kisha anageukia ubao na kufundisha upya yale yale yaliyokuwa kwenye video. Kwenye ripoti inaandikwa kwamba shule inatumia TEHAMA na imeanzisha darasa geuzi, yaani mtoto anapata maelezo nyumbani na kufanya mazoezi darasani.

Hapo hakuna kilichogeuzwa. Gharama ya kufundisha imehamishiwa kwa mzazi: bando lake, chaji yake, simu yake.

Darasa geuzi lina asili yake. Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, wa sekondari ya Woodland Park huko Colorado, Marekani, walianza kurekodi masomo kwa sababu wanafunzi wao walikuwa wanakosa vipindi mno. Wakabaini kwamba mwanafunzi anamhitaji mwalimu zaidi pale anapokwama kwenye swali kuliko pale anaponakili noti. Basi maelezo wakayapeleka nyumbani, mazoezi wakayaleta darasani mbele ya mwalimu. Na wale ambao hawakuwa na intaneti nyumbani walipewa masomo kwenye DVD. Hiyo ni Marekani! Sisi mwanafunzi wetu haruhusiwi hata kupita getini na simu, halafu tunamwambia "video iko kwenye kundi".

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo mtoto wa maskini anapoachwa. Simu nyingi zikirekodi kwa ubora wa picha wa 1080p hula kati ya MB 100 na 130 kwa dakika. Kipindi cha dakika 25 kinakaribia GB 3. Mwalimu akikituma kama video ya kawaida, WhatsApp inakibana mpaka maandishi ya ubaoni yanakuwa ukungu. Akikituma kama faili, hakipiti, maana WhatsApp haipokei faili linalozidi GB 2; akikikata vipande, mzazi anapakua GB 3 kwa ajili ya somo moja. Na huo ukungu unafuta vitu vidogo, ambavyo kwenye hisabati na sayansi ndivyo somo lenyewe. Kipeo cha x hakionekani. 3 inafanana na 8. Alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano inaonekana kama vumbi la chaki. Mtoto ananakili Fe²⁺ mahali palipoandikwa Fe³⁺, anasawazisha mlinganyo mzima kwa chaji isiyo sahihi, halafu anaambiwa hakuwa makini.

Ondoeni simu mbele ya ubao. Weka karatasi ya A4 mezani, rundika vitabu kulia na kushoto, laza rula mbili juu yake, simu ikae juu ya rula ikitazama chini. Andika kwa kalamu ya maka nyeusi, nusu ukurasa tu, na kimo cha herufi kisipungue sehemu moja ya kumi na tano ya kimo cha picha. Kinasa sauti cha waya wa masikioni kikae kiganja kimoja chini ya kidevu. Darasa tupu lenye bati na sakafu ya saruji linarudisha mwangwi. Chumba chenye godoro na mapazia kinafaa kuliko ukumbi wa shule. Mvua ikianza kupiga bati, acha, rekodi baadaye. Dakika 6 hadi 8, dhana moja, basi.

Ukimaliza, pitisha kwenye HandBrake, ni programu ya bure ya kupunguza ukubwa wa video. Weka 480p, fremu 15 kwa sekunde, wastani wa kbps (kilobiti kwa sekunde) 300 kwa picha na 64 kwa sauti, sauti ya njia moja. Jumla kbps 364 ni kama MB 2.7 kwa dakika, kwa hiyo dakika 8 ni MB 22. Linganisha na GB 3. Na ukituma, tuma kama faili, kwa sababu ukituma kama video itabanwa mara ya pili.

Halafu hili la kulazimisha kila mada igeuzwe. Nani alisema? Video ina kazi yake: kuonyesha kitu ambacho mtoto wa dawati la nyuma hawezi kukiona. Chukua titresheni, jaribio la kupima ukolezi wa kimiminika kwa kudondoshea asidi. Watoto 60, bureti moja (mrija wa kioo wenye vipimo) mezani mbele, kuanzia mstari wa tatu hawaoni kitu. Kwenye video kamera inashuka hadi usawa wa jicho, kimiminika kinaonekana kimebonyea katikati, na mtoto anajionea kwamba kipimo kinasomwa chini ya ule mbonyeo, hadi 0.05 cm³, wala siyo pembeni kilikopanda kwenye kioo. Anaona flaski ikizungushwa juu ya kigae cheupe. Manjano ya methaili oranji, kiashiria kinachobadilika rangi, inabaki, inabaki, kisha tone moja la asidi linaigeuza rangi ya chungwa. Ukipitiliza matone matano imekuwa nyekundu, umeongeza karibu 0.25 cm³, na hesabu yote ya ukolezi imeharibika. Mtoto akirudia sekunde hizo 30 mara nne kabla ya kushika bureti, siku ya jaribio hatauliza "mwalimu, ndiyo tayari?" kila dakika. Hapo video imelipa. Lakini ufafanuzi wa istilahi tano za jiografia unaosomwa kwa sauti kutoka kwenye kitabu hauhitaji video. Mpe kitabu asome.

Sasa tuje kwenye lile linalonichoma zaidi, dakika 80 za vipindi viwili mfululizo. Darasa geuzi liko pale, haliko kwenye simu. Dakika 8 za kwanza, maswali matatu mafupi kwenye kipande cha karatasi. Mwalimu anagawa karatasi mafungu matatu: waliopata, waliokosea kosa linalofanana, na ambao hawajaangalia kabisa. Fungu la pili linapata dakika 10 ubaoni kuhusu kosa hilo tu. Fungu la tatu linapelekwa nyuma na kishikwambi (tableti), linaangalia dakika zake 8, linajiunga na wenzake. Hakuna kusimamisha mtu, na hakuna kufundisha upya! Siku mwalimu anaporudia video ubaoni, amewaambia watoto wote kwamba hawana haja ya kuiangalia, na hawataiangalia tena. Dakika 45 zinazofuata ni maswali magumu kwa vikundi vya wanne, mwalimu anazunguka meza kwa meza akiangalia mahali kalamu iliposimama. Zinazobaki ni za kikundi kimoja kueleza njia yake na mwalimu kupitia madaftari.

Kufanya hivyo kunahitaji maswali yaliyoandaliwa kwa ngazi, na hayo maswali ndiyo hayapo. Shule inanunua projekta, inanunua kipaza sauti, inalipa mtu wa kuhariri video iwe na muziki mwanzoni. Maswali ya dakika 45 hakuna aliyeyaandika. Mwalimu anaingia na video nzuri na kipindi kitupu.

Kuhusu mzigo wa usiku: video ya dakika 8 haiangaliwi kwa dakika 8. Ukisimamisha, kurudisha nyuma na kuandika, ni dakika 15 hadi 20. Masomo saba yakituma usiku mmoja ni kama saa mbili kwenye simu ambayo si yake. Mwalimu wa taaluma apange ratiba, masomo yasizidi mawili kwa usiku. Lugha nayo: mtoto ametoka msingi kwa Kiswahili, Kidato cha Kwanza anapewa video ya Kiingereza iliyochukuliwa mtandaoni. Anzeni na dakika moja ya Kiswahili ikieleza maneno sita au manane atakayoyasikia.

Walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Hatua nzuri. Lakini kumfundisha mwalimu kufungua apu bila kukaa naye juu ya andalio la somo na azimio la kazi ni kumwacha palepale. Andalio linapaswa kuonyesha mwanafunzi anafanya nini kabla ya kipindi, na mwalimu afanye nini kama nusu ya darasa haikufanya. Safu hiyo ikiwa tupu, mkaguzi asikubali neno "geuzi" limeandikwa juu.

— ChakiNyeupe

FundiWaya: Mkuu umegusa penyewe. Niongezee upande wa vifaa, maana pesa nyingi inafia hapo.

Intaneti si lazima. Kolibri, programu ya masomo, inafanya kazi bila mtandao: unaweka masomo kwenye kompyuta moja, vishikwambi vinaunganishwa kwa Wi-Fi ya ndani, mwalimu anaona nani amemaliza zoezi gani. Shule zinazotumia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, kama seva (mashine inayogawa masomo) zinakosea mambo mawili. La kwanza ni umeme. Kifaa kinataka V 5 na A 3. Wanakichomeka kwenye chaja ya simu yenye waya mwembamba, kinajizima katikati ya kuandika, memori kadi inaharibika na masomo yote yanapotea. Tumia chaja yake, zima kwa amri kabla ya kuchomoa, na weka memori kadi ya akiba yenye nakala kamili kabatini. La pili, Wi-Fi iliyomo ndani ni dhaifu, wanafunzi 40 wakifungua video kwa pamoja inakwama. Chomeka ruta kwa waya, laini ya simu haihitajiki.

Chaji sasa. Kishikwambi chenye betri ya mAh 6000 kwa V 3.7 ni Wh (wati-saa) 22, weka Wh 30 ukihesabu upotevu. Vishikwambi 40 ni Wh 1200. Muuzaji anawaambia betri ya V 12, Ah 100 inatosha kwa sababu kwenye karatasi nayo ni Wh 1200. Si kweli! Betri ya risasi na asidi ukiimaliza yote kila siku inakufa mapema, tumia nusu. Maana yake inachaji vishikwambi 20. Kwa 40 unahitaji betri mbili, na paneli zenye jumla ya kama W 350 ukihesabu saa 5 za jua na upotevu.

Na acheni kuvichaji vikiwa vimerundikwa kabatini na mlango umefungwa. Joto linavimbisha betri. Dalili ya kwanza ni kioo kuinuka ukingoni. Ukikiona hivyo usikibonyeze kirudi, kitoe nje, kisichajiwe tena.

MwlWaKata: Ndugu ChakiNyeupe, nakubaliana na mengi, lakini darasa la watoto 60 lenye vishikwambi 10, wengi nyumbani hawana simu kabisa, unageuza vipi? Na kuna madarasa yana watoto 90 na kifaa pekee ni simu ya mwalimu. Mnatuandikia mambo ya shule zenye uwezo.

ChakiNyeupe: Mwalimu mwenzangu, swali lako ni la haki, na ndilo wanaoleta miradi hii hawataki kulisikia.

Watoto 60 na vishikwambi 10: nyumbani usipeleke chochote, geuzia ndani ya darasa. Makundi matatu ya 20. Kituo cha kwanza ni video, wawili kwa kishikwambi, kwa kiunganishi cha matundu mawili ya waya wa masikioni ili kila mmoja asikie. Kituo cha pili ni mazoezi ya daftari, yenye majibu ya mwisho yaliyobandikwa ukutani bila njia. Cha tatu ni mwalimu na ubao mdogo. Dakika 22 kwa kituo, mara tatu ni 66, dakika 14 zinabaki za kuhama na kufunga. Mazoezi ya kituo cha pili yawe ya mada ya wiki iliyopita, kwa sababu kuna kundi litakaloanzia hapo kabla ya kuona video. Wengi wanasahau hili na kundi hilo linakaa dakika 22 likipiga kelele.

Watoto 90 bila kifaa: achana na video, chukua njia ya Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aliyeianza miaka ya 1990 mwanzoni. Karatasi ngumu za manila 6, kila moja ikatwe vipande 16, vinawatosha watoto 90 na vinabaki. Kipande kikunjwe robo nne, A, B, C, D. Jana yake wamepewa ukurasa mmoja wa kitabu wasome. Darasani unaandika swali, dakika moja ya kimya, ukigonga meza wote wanainua herufi usawa wa kifua, siyo juu ya kichwa, ili wasiigane. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, eleza upya kwa njia nyingine. Wakiwa kati ya 30 na 70, kila mtoto amtafute jirani mwenye herufi tofauti wabishane dakika mbili, kisha wainue tena. Wakizidi 70, songa mbele.

Yote yanategemea majibu yasiyo sahihi uliyoyaweka. Mfano, 2x² × 3x²: A ni 6x⁴, B ni 6x², C ni 5x⁴, D ni 5x². Darasa likiinua B kwa wingi, wanajua kuzidisha namba ila hawajajumlisha vipeo. Likiinua C, ni kinyume chake. Likiinua D, wanajumlisha badala ya kuzidisha, kwa hiyo rudi kwenye maana ya x² + x² kabla hujagusa swali lingine lolote.