Gundam ya 1979: makoloni yanadai uhuru, mbona nashindwa kuyaunga mkono?

Mtazama_Nyota (mleta mada)

Wadau, salamu. Baada ya kuahirisha kwa miaka mingi, hatimaye nimeanza kutazama Mobile Suit Gundam ya mwanzo kabisa, ile katuni ya Kijapani ya mwongozaji Yoshiyuki Tomino iliyoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha Nagoya mwezi Aprili 1979, na jana usiku nimemaliza sehemu ya 12. Atakayenijibu naomba asinimalizie utamu wa mbele bila kunitahadharisha, ingawa najua kwamba kazi yenye umri huu haina siri nyingi zilizobaki.

Kinachonitatiza ni hiki. Tangu mwanzo msimulizi anatueleza kwamba imepita nusu karne tangu binadamu waanze kuhamishiwa angani. Kwamba mwaka 0079 wa Karne ya Ulimwengu koloni lililo mbali na Dunia kuliko yote, Side 3, lilijiita Utawala wa Zeon na kuanzisha vita vya kudai uhuru dhidi ya Shirikisho la Dunia. Na kwamba katika takriban mwezi mmoja wa mapigano pande hizo mbili ziliangamiza nusu ya binadamu wote. Sasa, sisi tunaozungumza Kiswahili tukisikia kwamba koloni linadai uhuru, moyo huwa umeshachagua upande kabla akili haijaulizwa. Nilikaa nikisubiri kuwapenda Wazeon, nikashindwa, maana wamevishwa sare za kifashisti, wanapiga saluti, na umati wao unapaza sauti ya "Sieg Zeon" mpaka mtu anasisimkwa mwili.

Halafu ikaja hotuba ya Gihren Zabi, mwana mkubwa wa mtawala wa Zeon, katika mazishi ya mdogo wake Garma. Anasema uwezo wa Zeon haufikii hata sehemu moja ya thelathini ya uwezo wa Shirikisho, na kwamba kwa miaka hamsini na ushei watu wachache wa Duniani wameitawala anga na kuwakanyaga wakazi wake kila walipodai haki. Hoja hiyo nimeshindwa kuipinga. Je, Tomino anataka kutuambia kwamba anayedai uhuru ni fashisti aliyejificha? Swali dogo la pili: niendelee na mfululizo, au nihamie kwenye zile filamu tatu za muhtasari?

Mhenga_wa_WhiteBase

Ndugu mleta mada, karibu. Mfululizo huu nimeurudia mara kadhaa, na kila nikifika kwenye hotuba hiyo huirudisha nyuma na kuitazama tena, kwa sababu hapo ndipo tunapotegwa sisi watazamaji pamoja na umati ule uwanjani.

Itazame upya taratibu. Mzee Degwin, baba wa marehemu, alitaka kumzika Garma kimyakimya, lakini Gihren akang'ang'ania mazishi ya kitaifa, na picha kubwa ya mdogo wake ikatundikwa nyuma ya jukwaa. Katikati ya hotuba anawauliza waombolezaji kwa nini Garma amekufa. Hapo tunahamishiwa kwenye baa, ambako Char Aznable, rubani hodari wa Zeon, yule yule uliyemwona katika sehemu ya 10 akimwingiza rafiki yake Garma mtegoni, amekaa na kinywaji chake akisikiliza matangazo, na anajibu kwa sauti ya chini kwamba ni kwa sababu alikuwa mtoto aliyedekezwa. Swali la Gihren limejibiwa na aliyesababisha kifo chenyewe, uwanja mzima haujui, na hotuba inazidi kupanda. Tomino hakuhitaji kumweka mhusika wa kutukanushia uongo huo. Alitosheka kubadilisha mahali pa kamera.

Malalamiko yenyewe, hata hivyo, Gihren hakuyabuni. Aliyeyaasisi ni Zeon Zum Deikun, mwanafikra aliyefundisha kwamba watu wa angani wana haki ya kujitawala na kwamba maisha ya huko yangezaa binadamu wa aina mpya, wenye uwezo wa kuelewana kwa undani zaidi. Deikun alipokufa, ukoo wa Zabi ulirithi nchi aliyoiacha, ukaigeuza jamhuri kuwa utawala wa baba na wanawe, na jina lake ukaliacha palepale kwenye bendera. Kwa hiyo usione ajabu kwamba hoja imekugusa. Imetoka kwa mtu mwingine, na wanaoitumia leo ndio walionufaika na kifo chake. Kumbuka tu jina hilo la Deikun, kwa maana litarudi.

Tazama pia ni nani waliokufa kwanza. Historia ya vita hivyo, kama ilivyojazwa na kazi zilizofuata, inaeleza kwamba katika siku za mwanzo Zeon iliyashambulia makoloni mengine yaliyokuwa upande wa Shirikisho, ikawaua wakazi wake, kisha ikalichukua koloni moja tupu na kulisukuma liiangukie makao makuu ya jeshi la Shirikisho, Jaburo, huko Amerika Kusini. Koloni likavunjika njiani, na kipande chake kikubwa kikauangukia mji wa Sydney. Anayesema anawakomboa watu wa angani ndiye aliyewamaliza kwa mamilioni. Mbele ya safari Degwin mwenyewe atamwambia mwanawe kwamba anafuata nyayo za Hitler, naye Gihren atamtaja Hitler kama mtu wa zama za kati, wa kale mno kumhusu.

Silinda_32

Naongeza jambo moja kuhusu neno "koloni", ambalo nadhani ndilo lililomponza mleta mada. Makoloni haya hayakujengwa juu ya ardhi ya mtu. Yametokana na michoro ya Gerard O'Neill, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Princeton, ambaye mwaka 1974 alichapisha makala iliyopendekeza kujenga silinda kubwa angani zenye watu ndani yake. Ile kubwa kuliko zote ilikuwa na kipenyo cha kilomita 6.4 na urefu wa kilomita 32, ikijizungusha mara moja kwa sekunde zipatazo 114 ili wakazi wakandamizwe ukutani kwa nguvu inayolingana na uzito wao wa Duniani. Ukuta wa ndani umegawanywa vipande sita, vitatu vya ardhi na vitatu vya madirisha, na nje kuna vioo vitatu virefu vinavyoingiza mwanga wa jua. Gundam iliichukua silinda hiyo karibu kama ilivyo.

Ukitaka kuona jambo hilo lina maana gani katika vita, rudi kwenye sehemu ya kwanza. Amuro, mhusika mkuu, mvulana wa miaka 15 anayesoma mwongozo wa Gundam, mashine ya kivita ya Shirikisho yenye umbo la mtu, huku akiiendesha, anamkata kwa upanga wa mwanga Zaku wa kwanza, mashine kama hiyo ya Zeon. Mtambo wa adui unalipuka, ukuta wa koloni unatoboka, hewa inatoka kwa kishindo, na baba yake, mhandisi wa Gundam hiyo hiyo, anavutwa na kutupwa nje angani. Zaku wa pili anachomwa kwenye chumba cha rubani kwa uangalifu mkubwa, ili asilipuke. Dakika chache tu, na mtoto ameshajifunza kwamba humo ndani hata ushindi unaweza kuwaua jirani zake.

Kai_Alisema_Kweli

Mhenga ameeleza vizuri kuhusu ukoo wa Zabi, lakini namwona anawaacha wakubwa wa Shirikisho waondoke na nguo safi, na hapo sikubaliani naye. (Tahadhari: nitagusa sehemu za mbele.)

White Base, meli ya kivita ya Shirikisho inayoibeba Gundam, imejaa watoto na wakimbizi, nahodha wake Bright Noa ana miaka 19, na amri inayotoka Jaburo ni kwamba iendelee kutangatanga peke yake, ili Zeon iifuatilie na majeshi halisi yapate nafasi kwingine. Kwa lugha nyepesi, ni chambo. Wanaotoa amri hiyo wamekaa kwenye mapango chini ya ardhi, na wananchi wanaowatawala angani wengi wao hawajawahi kuwaona. Kama Deikun alikuwa na haki ya kulalamika, alikuwa analalamika kuhusu watu wa aina hii.

Lakini mimi huwa nasema tusitafute jibu la mfululizo huu kwenye majukwaa ya hotuba. Katika sehemu ya 8, ambayo umeshaiona, rubani wa ndege ya upelelezi ya Zeon anamwona mama na mtoto wake wakitembea katikati ya nyika, na badala ya kuwapita anawadondoshea mizigo ya msaada. Kuna sehemu ya 14, ambamo askari vijana wa Zeon wanaibandika Gundam mabomu ya saa, Amuro anayatoa moja baada ya jingine huku muda ukimwishia, na vijana wale, baada ya kushindwa, wanavaa nguo za kiraia na kusogea karibu ili wamwone kwa macho mtu aliyeifanya kazi ile. Wanamkuta mtoto.

Yupo pia Miharu, msichana wa Belfast anayepeleleza kwa ajili ya Zeon kwa sababu ana wadogo zake wawili wa kulisha. Hamjui Gihren, wala uhuru wa anga haumhusu. Anazamia ndani ya White Base, anagundua kwamba taarifa zake ndizo zilizoleta makombora juu ya vichwa vya watoto wanaofanana na wadogo zake, anajitolea kumsaidia Kai, mmoja wa marubani wa White Base, kurusha kombora kwa mkono kutoka kwenye ndege, na mshindo wake unamtupa baharini. Kai, ambaye tangu mwanzo alikuwa mtu wa kejeli na kukwepa kazi, anabaki akililia jina lake. Kwangu hizo ndizo sehemu bora za mfululizo wote, na ndani yake hakuna kiongozi hata mmoja anayehutubia.

Mhenga_wa_WhiteBase

Kai_Alisema_Kweli, nakubali kukosolewa. Nilijibu hoja ya Gihren kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa, lakini ni kweli Jaburo hainuki vizuri.

Kuhusu swali la filamu: mfululizo ulipangiwa sehemu 52, watazamaji wakawa wachache, vitu vya kuchezea vya mfadhili havikuuzika ilivyotarajiwa, na ukakatwa hadi sehemu 43, ya mwisho ikirushwa Januari 1980. Umaarufu ulikuja baadaye, kwa marudio na kwa zile modeli za plastiki ambazo kampuni ya Bandai ilianza kuziuza Julai mwaka huo huo. Filamu tatu zilitoka 1981 na 1982, na zimeondoa mambo mengi yaliyowekwa ili kuuza vifaa vya kuchezea, kama ile ndege ya kuunganisha iitwayo G-Armor. Zimeacha pia kisiwa cha Cucuruz Doan, askari wa Zeon aliyetoroka jeshi ili awalee mayatima, ambacho ni sehemu ya 15.

Ushauri wangu ni kutazama mfululizo mpaka mwisho, uvumilie michoro inayolegea kuelekea mwishoni, kwa sababu msanifu wa wahusika Yoshikazu Yasuhiko aliugua na kulazwa hospitalini, kisha utafute filamu ya tatu peke yake, ambamo alirudi na kuchora upya sehemu kubwa ya vita vya mwisho.

Mtazama_Nyota (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimeirudia hotuba kama Mhenga alivyoagiza, na safari hii nilikuwa namwangalia mzee Degwin, aliyekaa pale kama mtu aliyeibiwa maiti ya mwanawe.

Kisha nikatazama sehemu ya 13. Amuro amerudi nyumbani Duniani, amemkuta mama yake akihudumia wakimbizi, na askari wa Zeon wanapokuja kukagua anajificha kitandani, bastola ikiwa chini ya blanketi, na anampiga mmoja wao risasi mbele ya macho ya mama yake. Mama hamuulizi kama kajeruhiwa. Anashtuka kwamba mwanawe amekuwa mtu wa namna hii, na kumkumbusha kuwa wale nao wana familia. Amuro anamjibu kwamba ni vita, na je, alitaka auawe yeye? Mwishoni, White Base ikimsubiri, anamtakia mama yake afya njema na kumpigia saluti ya kijeshi, mkono umenyooka vizuri kabisa, kisha anageuka na kuondoka. Mama anaanguka chini akilia.

Hapo nilizima, nikashindwa kuendelea na ya 14. Nitaiona leo usiku.