Naomba ushauri: "er" na "si" za Nibelungenlied kwa Kiswahili

Wakuu, habari za kazi. Natafsiri sura ya 10 ya Nibelungenlied, utenzi wa Kijerumani wa mnamo mwaka 1200, nimekwama chumbani. Usiku wa harusi Brünhild anamfunga mumewe Gunther mikono na miguu kwa mshipi, anamtundika msumarini ukutani. Usiku unaofuata shujaa Siegfried, aliyefichwa na joho lake la ajabu, anashika nafasi ya Gunther gizani, anamenyana na Brünhild. Kijerumani kina "er" ya mwanamume na "si" ya mwanamke, kwa hiyo msomaji hapotei. Kwetu "akambana, akamsukuma" ni yeyote yule. Nimejaribu kurudia majina, mizani ikavunjika. "Bwana" na "bibie" vinachekesha kupita kiasi, ingawa tukio lenyewe lina utani wake. Mnalitatuaje bila kuharibu mizani?

La pili: sura ya 14 Kriemhild, mke wa Siegfried, anamwita Brünhild "kebse" wa mtumishi, yaani mwanamke wa kulala naye tu, asiye na hadhi ya mke. "Suria" inakuja na sheria ya Kiislamu na watoto wake huru, "hawara" ni ya mtaani mno, na "kimada" haigusi cheo, ambacho ndicho kinachouma kuliko ngono. Mngeweka neno gani?