Mbegu za kitani kwenye uji wa mama: nisage au niweke nzima?

BintiTegeta
Habarini wapendwa. Mama yangu ana miaka 63, anatumia dawa ya presha, na tangu mwaka jana choo kinamsumbua. Anaweza kukaa siku tatu hata nne hajaenda. Jirani akatuletea mbegu za kitani, zile za kahawia, bapa, zinang'aa na kuteleza kwenye vidole. Wiki ya pili sasa namwekea kijiko kimoja cha chakula kwenye uji wa ulezi. Sioni tofauti, na juzi mama kaniambia zinatoka zilivyoingia. Nakosea wapi? Halafu jirani anasema yeye dawa za presha ameshaacha, anatumia mbegu tu. Hilo limenitia hofu.

MamaUji_Moro
Pole mwanangu, na mfikishie mama salamu zangu. Zisage! Ganda lake ni gumu, tumbo haliliwezi, kwa hiyo zikiingia nzima zinapita tu. Mimi nasaga kwenye kile kijagi kidogo cha blenda, sekunde chache, mpaka unga unanata pembeni. Nasaga wa wiki moja tu na kuweka kwenye friji ndani ya chupa yenye kifuniko. Mafuta yake huharibika upesi. Mwaka juzi niliacha kopo juu ya kabati karibu na jiko, nilipofungua likanuka kama rangi ya mlango. Nikamwaga lote, ingawa roho iliniuma.

Uji uepue kwanza, ndipo ukoroge unga. Ukiuacha dakika kumi utaona unavuta kama mlenda. Ule mlenda ndio unaolainisha choo, lakini unataka maji. Kijiko kimoja, glasi kubwa ya maji, na mengine mchana kutwa. Mama asipokunywa maji atazidi kufunga. Tena anza na kijiko cha chai, maana tumbo litajaa gesi siku za mwanzo.

Wahabeshi wanazijua siku nyingi, wanaziita telba. Wanazikaanga kavu, wanazisaga, wanakoroga na maji na kunywa. Nilionjeshwa na mama mmoja wa Addis Ababa, na harufu yake inakaribia ya karanga.

Mfamasia_Mbeya
Mama Uji kasema kweli. Naongeza la presha, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Kuna utafiti wa Kanada uliochapishwa 2013. Wagonjwa wenye mishipa ya miguu iliyoziba walipewa gramu 30 za mbegu zilizosagwa kila siku kwa miezi 6, na presha ya juu (ile namba ya kwanza kwenye kipimo) ikawa chini kwa takriban pointi 10 kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Gramu 30 ni kama vijiko vinne vya chakula, siyo kimoja. Na hawakuambiwa waache dawa. Dada, mwambie jirani yako arudi kliniki akapimwe, tafadhali. Presha hupanda bila kuuma popote.

Dawa mama ameze saa moja kabla ya huo uji, kwa sababu ule utelezi unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini. Kama yupo kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, au aliwahi kuziba utumbo, asianze bila kumuuliza daktari. Pia muulize daktari kuhusu hicho choo chenyewe. Baadhi ya dawa za presha huleta shida hiyo, na kwa umri wake, tatizo lililoanza ghafla linahitaji kuchunguzwa.

PwaniKwetu
Je, inatosha badala ya samaki? Nasikia ina omega-3, yale mafuta yanayosifiwa ya samaki.

Mfamasia_Mbeya
Ina ile ya mimea, gramu moja na nusu hivi kwa kijiko cha chakula, ila mwili unageuza sehemu ndogo sana kuwa ile ya samaki. Dagaa wabaki mezani, kaka.

BintiTegeta
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimesaga jana usiku. Leo mama amemeza dawa saa 12 asubuhi, uji saa moja, na nimemwekea chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni ya kiti chake. Kliniki tunakwenda Alhamisi, na jirani nimemwomba tuongozane. Amekubali.